Baraza la Wote na Bunge la Wachache

Katika miaka ya karibuni, na hasa baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024 na uchaguzi mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025, limeenea miongoni mwa wakazi wa pembezoni mwa Dar es Salaam, tangu Bunju na Mabwepande upande wa Kinondoni hata Chamazi na Toangoma upande wa Temeke, swali ambalo zamani lilikuwa la wanafunzi wa siasa peke yao: maadamu karibu kila mtu mzima ana simu, na maadamu wawakilishi wengi huonekana jimboni wakati wa kampeni tu, kuna haja gani ya kuwatuma watu Dodoma wakatusemee, ilhali twaweza kujisemea wenyewe na kupiga kura juu ya kila jambo kubwa? Ni swali la haki, na anayelibeza huwabeza wananchi waliotajwa katika Katiba kuwa msingi wa mamlaka yote. Lakini mjadala wake umejaa mchafuko, kwa sababu mambo matatu yasiyofanana hutiwa katika fungu moja: kura ya maoni, ambayo dola huwauliza raia swali na kupokea ndiyo au hapana, mkutano wa wananchi, ambamo watu hukaa pamoja, wakahojiana, kisha wakakata shauri, na ukusanyaji wa maoni, ambao wananchi husema na wengine huamua. Kila moja limejaribiwa katika nchi zetu hizi, na kila moja limeacha ushahidi wake, nao ushahidi huo una manufaa kuliko nadharia yoyote iliyotungwa mbali.

Jinsi uwakilishi ulivyopoteza heshima

Asili ya uwakilishi ni sahali kuielewa. Raia ni wengi, mambo ya dola ni mengi, na wasaa wa mtu anayetafuta riziki ni mchache. Basi raia huwakabidhi wachache dhamana ya kutunga sheria, na dhamana hiyo hurejea kwa wenyewe kila baada ya miaka 5 ili waitoe upya. Mpangilio huu hauna ila ikiwa mwenye dhamana anamjua aliyemkabidhi, anamwogopa, na anaweza kunyang'anywa. Kwa mkazi wa Mbagala au wa Kawe masharti hayo yamelegea moja baada ya jingine.

Tuanze na idadi. Wilaya ya Temeke, iliyohesabiwa kuwa na watu 1,346,674 katika sensa ya 2022, ilikuwa na majimbo mawili tu ya ubunge, Temeke na Mbagala, hata lilipoongezwa la Chamazi kabla ya uchaguzi wa 2025. Na hata kwa majimbo hayo matatu kila mbunge hubeba wastani wa watu wapatao 450,000. Zanzibar, yenye watu 1,889,773 kwa sensa hiyo hiyo, ina majimbo 50. Tofauti hii ina sababu zake katika maafikiano ya Muungano, wala sisemi kwamba Mzanzibari amepewa kisichomstahili. Nasema tu kwamba mtu wa Yombo Vituka asiyewahi kusemeshana na mbunge wake hana kosa, kwani hesabu yenyewe haimruhusu.

Kisha kuna chama. Kwa Katiba ya 1977 mgombea ubunge sharti awe mwanachama wa chama cha siasa na apendekezwe na chama, na mbunge anayeacha uanachama au kuvuliwa hupoteza kiti chake papo hapo. Kwa hiyo mbunge ana mabwana wawili, wapiga kura na chama, na kati ya hao ni chama pekee chenye uwezo wa kumwondoa kabla ya miaka 5 kutimia. Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga katazo la mgombea binafsi kwa miaka mingi mahakamani, na tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yapo Arusha, iliamua kwamba katazo hilo linavunja haki. Hata hivyo uchaguzi wa 2025 ulifanyika likiwa lingalipo. Rasimu ya Katiba iliyotayarishwa na Tume ya Jaji Joseph Warioba mwaka 2013 ilitaka kuwapa wapiga kura haki ya kumwondoa mbunge wao kabla ya muda wake kwisha. Bunge Maalumu la Katiba la 2014, ambalo wajumbe wake wengi walikuwa wabunge, lilikiondoa kifungu hicho. Sioni kwamba jambo hili linahitaji tafsiri ndefu.

Matokeo yake yalionekana katika sheria zenyewe. Tozo ya miamala ya simu ilipitishwa na Bunge katika bajeti ya 2021, ikaanza kukatwa Julai, na kilio cha watu wa kipato cha chini, ambao simu ndiyo benki yao, kilikuwa kikubwa hata ikapunguzwa mwaka huo huo, kisha tena mwaka 2022. Mkataba wa Tanzania na Dubai juu ya bandari ulipitishwa Bungeni tarehe 10 Juni 2023, na mjadala mkali ukazuka baada ya kupitishwa, si kabla. Shauri likafika Mahakama Kuu Mbeya, nalo likatupwa tarehe 10 Agosti. Katika visa vyote viwili wananchi hawakulalamikia tu uamuzi. Walilalamika kwamba waliusikia ukiwa umekwisha kufanywa.

Na juu ya hayo yote imewekwa taabu ya chaguzi zenyewe. Mwaka 2019 vyama vikuu vya upinzani vilijitoa katika uchaguzi wa mitaa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, na chama tawala, CCM, kikatwaa karibu viti vyote; mwaka 2024 kikatwaa tena kiasi cha asilimia 99. Katika uchaguzi wa 2025 chama kikuu cha upinzani hakikuwamo, kiongozi wake alikuwa mahabusu, siku ya kura ikageuka siku ya vurugu na vifo, amri ya kutotoka nje ikawekwa Dar es Salaam, intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa, na mshindi wa urais akatangazwa kwa karibu asilimia 98 ya kura. Mtu aliyeyapitia haya akisema kwamba hataki tena kuwakilishwa, anasema kutokana na uchungu, na uchungu wake una sababu. Ila ugonjwa kujulikana si sawa na dawa kupatikana, na ndiyo maana hoja ya kura ya wote yapaswa kupimwa kwa ukali ule ule.

Hoja ya wanaotaka kura ya wote

Wanaoitetea hutaja kwanza Uswisi, nao hawakosei. Huko raia 50,000 wakitia sahihi zao ndani ya siku 100, sheria iliyopitishwa na Bunge hupelekwa kwenye kura ya wote. Na raia 100,000 wakitia sahihi ndani ya miezi 18 huweza kupendekeza badiliko la Katiba yenyewe. Katika majimbo mawili madogo, Glarus na Appenzell Innerrhoden, raia hukusanyika uwanjani mara moja kwa mwaka na kupiga kura kwa kunyanyua mikono. Faida iliyo kubwa kuliko zote katika mpango huu haionekani siku ya kupiga kura, bali siku ambayo kura haipigwi: mbunge anayejua kwamba sheria mbaya itaitwa mbele ya raia huiandika kwa hadhari, huwauliza wahusika mapema, na hupunguza makali yake kabla hajalazimishwa. Lau haki hiyo ingekuwapo Tanzania mwaka 2021, yawezekana kabisa kwamba tozo ile isingeandikwa kwa viwango vile.

Faida ya pili ni utii. Sheria ambayo mtu ameikubali mwenyewe huifuata kwa hiari, hata ikimgharimu, na dola yenye raia wa namna hiyo huhitaji mgambo wachache. Jambo hili Mwalimu Nyerere alilijua vyema alipoitetea desturi ya Kiafrika ya wazee kukaa na kuzungumza hata wakubaliane, ingawa hoja hiyo hiyo aliitumia pia kuhalalisha mfumo wa chama kimoja uliowekwa kisheria mwaka 1965, ambao mwishowe uliwapunguzia watu nafasi ya kutokubaliana.

Lakini Uswisi hiyo hiyo yafundisha upande wa pili. Mwaka 1959 wanaume wa Uswisi walipiga kura kuwanyima wanawake haki ya kupiga kura katika mambo ya taifa, na haki hiyo haikutolewa mpaka mwaka 1971. Appenzell Innerrhoden, lile jimbo la baraza la uwanjani, lilikataa katika mambo yake ya ndani mpaka mahakama ya shirikisho ilipolilazimisha mwaka 1990. Tarehe 29 Novemba 2009 asilimia 57.5 ya wapiga kura wa Uswisi walipitisha katazo la kujengwa minara ya misikiti, dhidi ya ushauri wa serikali yao na Bunge lao. Msomaji wa pwani, ambako msikiti na kanisa hukaa jirani, anaweza kujiuliza mwenyewe ni nani angekuwa salama iwapo kila jambo la dini lingepelekwa kwenye hesabu ya vichwa. Athene ya kale, ambayo hutajwa kuwa mama wa utawala wa moja kwa moja, iliwaweka wanawake na watumwa nje ya baraza, na wasaa wa raia kukaa barazani kwa kiasi kikubwa ulitokana na jasho la hao waliowekwa nje.

Ama hoja ya simu, ambayo vijana huiona kuwa yakata shauri lote, mimi naiona kuwa dhaifu kuliko zote. Kura ni ya siri, na laini ya simu ya Tanzania imesajiliwa kwa alama za vidole za mwenyewe. Kura inahitaji njia iliyo wazi siku zote, na nchi imekwisha kushuhudia njia hiyo ikifungwa wakati ule ule ilipohitajika zaidi. Estonia imewaruhusu raia wake kupiga kura kwa intaneti tangu mwaka 2005, lakini hata huko chombo hicho hutumika kuwachagua wawakilishi, si kuwaondoa duniani.

Kura zilizopigwa kwetu

Uganda ndiyo somo zito kuliko yote. Tarehe 29 Juni 2000 raia wake waliulizwa kama wanautaka mfumo wa Movement usio na ushindani wa vyama, na zaidi ya asilimia 90 ya waliopiga kura wakaukubali. Tarehe 28 Julai 2005 raia hao hao waliulizwa kama wanataka kurudi kwenye vyama vingi, na kiasi cha asilimia 92 wakakubali, ingawa waliojitokeza hawakufika nusu ya walioandikishwa. Haiwezekani kwamba taifa zima lilibadili imani yake ya kisiasa kwa miaka 5. Kilichobadilika ni shauri la Rais Museveni na serikali yake. Mara zote mbili walioandika swali ndio waliopata jibu walilolitaka, na wengi wa wapinzani, kwa kuwa hawakuwa na mkono katika swali, walibaki majumbani mwao.

Kenya yaonyesha kwamba matokeo hayo si ya lazima. Tarehe 21 Novemba 2005 serikali ya Rais Kibaki iliwaomba Wakenya waipitishe katiba mpya, ndizi ikiwa alama ya ndiyo na chungwa alama ya hapana, na asilimia kama 58 wakasema hapana. Ni heshima kubwa kwa wapiga kura kuikataa serikali yao kwa amani; lakini kampeni ile iligawanya nchi kwa makabila, na mpasuko huo ukaingia katika uchaguzi wa 2007 na maafa yaliyoufuata. Tarehe 4 Agosti 2010, baada ya mashauriano marefu, katiba nyingine ilikubaliwa na zaidi ya theluthi mbili ya waliopiga kura, na humo kukawekwa njia ya raia milioni 1 kuanzisha badiliko la Katiba kwa sahihi zao. Njia hiyo ilipotumiwa na wakubwa katika mpango wa kubadili Katiba ulioitwa BBI (Building Bridges Initiative), Mahakama ya Juu iliamua tarehe 31 Machi 2022 kwamba Rais hawezi kuanzisha mpango uliowekwa kwa ajili ya wananchi. Sidhani kama pana hukumu nyingine ya Afrika Mashariki iliyogusa kiini cha suala hili kwa ukaribu zaidi: kura ya moja kwa moja hupata au kupoteza maana yake kabla sanduku halijafunguliwa, pale inapoamuliwa ni nani mwenye haki ya kuuliza.

Zanzibar ilipata kura njema, ikaona pia mpaka wake. Baada ya chaguzi za 1995, 2000 na 2005 kuishia katika uhasama, na baada ya umwagaji damu wa Januari 2001, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad, kiongozi wa chama cha upinzani cha CUF, walipatana Novemba 2009; Baraza la Wawakilishi likaridhia; na tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari wakaulizwa kama wanakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Asilimia 66.4 walikubali, na uchaguzi wa mwaka huo ukapita kwa utulivu ambao Unguja na Pemba hazikuwa zimeuona tangu vyama vingi virudi. Kura ile ilifaulu kwa sababu ilipiga muhuri maafikiano ambayo wawakilishi wa pande mbili walikuwa wameyajenga kwa taabu. Haikuwa badala ya uwakilishi, bali taji lake. Lakini tarehe 28 Oktoba 2015 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar alipoyafuta matokeo ya uchaguzi wa mwaka huo, na CUF ikasusia marudio ya Machi 2016, umoja ule ukavunjika mpaka ulipofufuliwa mwishoni mwa 2020. Theluthi mbili ya wapiga kura hawakuweza kuulinda uamuzi wao wenyewe, kwa sababu waliuamua siku moja, na siku zilizofuata hawakuwa na chombo mkononi.

Kwa Tanzania nzima, kura ya maoni juu ya Katiba Inayopendekezwa, iliyopitishwa na Bunge Maalumu lile la 2014, ilipangwa tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa wiki chache kabla yake kwa kuwa uandikishaji wa wapiga kura haukuwa umekamilika, na haijapigwa.

Kinyume cha haya yote ni kisa cha Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ambacho watetezi wa kura ya wote aghalabu hawapendi kukitaja. Tume hiyo iliundwa mwaka 1991 na Rais Ali Hassan Mwinyi kukusanya maoni juu ya mfumo wa vyama. Asilimia kama 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, ingawa wengi wao walitaka kirekebishwe; asilimia kama 20 walitaka vyama vingi. Tume ikashauri vyama vingi, uongozi ukakubali, na sheria ikabadilishwa mwaka 1992. Kwa kanuni ya kura ya wote uamuzi huo ulikuwa batili. Lakini insafu yadai tukiri kwamba wale walio wachache wasingekuwa na njia ya kuwa wengi iwapo mfumo ule ungebaki, na kwamba haki ya kuunda chama si mali ya wengi waipige mnada. Viongozi waliochagua upande wa wachache walitumia busara ambayo sanduku lisingewapa, ingawa yapasa pia kusemwa kwamba mazoea ya kuwajulia wananchi yaliyo mema kwao yamewahi kutumika mara nyingi kwa nia zisizo njema kama hiyo.

Kijiji kinacho, mtaa hauna

Mjadala wetu huruka kutoka Bungeni moja kwa moja hadi Uswisi, ukapita juu ya jambo lililo karibu. Utawala wa moja kwa moja haukosekani Tanzania. Umo katika sheria kwa miongo kadhaa, na umo vijijini. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya Mamlaka za Wilaya ya 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefikia umri wa miaka 18, nao ndio mamlaka ya juu katika sera za kijiji. Halmashauri ya kijiji, inayochaguliwa na mkutano huo, ni mtu mbele ya sheria: inaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa, na kutunga sheria ndogo ambazo hujadiliwa kijijini kabla ya kuthibitishwa na wilaya. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaongeza kwamba halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi pasipo idhini ya mkutano mkuu. Vijiji hivi vimezidi 12,000. Kwa maandishi, wachache duniani wamepewa kiasi hicho.

Katika utendaji kuna taksiri nyingi: mikutano isiyotimiza akidi, mihutasari inayoandikwa ofisini bila mkutano kuketi, ardhi inayouzwa kwanza na idhini kutafutwa baadaye. Hata hivyo, mwanakijiji aliyedhulumiwa ana mahali pa kusimamia. Anaweza kwenda mbele ya baraza la ardhi akasema kwamba mkutano mkuu haukukaa, na hoja hiyo ikasikilizwa.

Mkazi wa mjini hana mahali hapo. Chini ya sheria ya Mamlaka za Miji, nayo ya 1982, mtaa ni sehemu ya kata. Una mwenyekiti na wajumbe waliochaguliwa, na mtendaji aliyeajiriwa na halmashauri. Kazi yake ni kutekeleza sera za halmashauri, kuishauri, na kutunza daftari la wakazi. Hauna nafsi ya kisheria kama ya kijiji, hautungi sheria ndogo, hauna mfuko wake wa kodi. Mwenyekiti huandika barua za utambulisho, husuluhisha magomvi ya mipaka na ya wapangaji, na huitisha mkutano ambao wakazi hudai wasomewe mapato na matumizi ya fedha ambayo wengi wao hawakuiona. Mkutano ukiamua kila kaya ichange ulinzi shirikishi, au ichange kuzibua mtaro, uamuzi huo husimama kwa hiari ya watu na haya ya jirani kwa jirani. Jambo la kushangaza ni kwamba mahali hubadilika hadhi hivi kadiri panavyoendelea: mashamba ya pembezoni yakijaa nyumba na kutangazwa kuwa mji, mkutano uliokuwa na neno la mwisho hugeuka mkutano wa kusikiliza.

Sababu zake ni za kihistoria. Halmashauri zilifutwa kwa mpango wa madaraka mikoani wa 1972, na ziliporudi, kwanza mijini mwaka 1978 kisha nchi nzima kwa sheria za 1982, mji ulidhaniwa kuwa shughuli ya wataalamu wa maji, barabara na ramani, ilhali kijiji kilidhaniwa kuwa jumuiya. Dar es Salaam hasa imezoea kupangwa kwa amri: halmashauri yake ya jiji ilivunjwa mwaka 1996 ikawekwa Tume hadi 2000, na ikavunjwa tena Februari 2021.

Dhana kwamba watu wa mjini hawawezi kuamua mambo yao imekanushwa Kinondoni kwenyewe. Hananasif, makazi yasiyopimwa kandokando ya bonde la Msimbazi, yalikuwa yakijaa maji kila masika. Katika miaka ya 1990 wakazi, wakisaidiwa na serikali na mashirika ya Umoja wa Mataifa, waliunda jumuiya yao, wakashiriki kuchagua kazi za kufanywa, wakaingia mikataba ya ujenzi na kuchimba mitaro na barabara kwa mikono yao. Kazi ile ilionekana na kusomwa na wataalamu wa miji wa mataifa mengi. Haikuzaa sheria.

Pamoja na hayo, Msimbazi huo huo waonyesha kitu ambacho mkutano wa mtaa hauwezi kukitatua. Mto unaanzia vilima vya Pugu na kuishia baharini karibu na daraja la Selander, na maji hayaulizi mpaka wa wilaya. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 baadhi ya watu wa bondeni walihamishiwa Mabwepande. Desemba 2015 nyumba za Mkwajuni na jirani zake zikabomolewa. Ukiwapa wakazi wa jiji zima kura, wakazi wa bondeni, ambao ni wachache, watashindwa kila siku; ukiwapa wao peke yao, watabaki katika hatari na mto utazibwa kwa wote. Shauri la namna hiyo lahitaji watu wanaoweza kukaa miezi, kupima gharama, kukadiria fidia na kurudi kwenye meza mara kumi. Na panahitajika pia mahakama ambayo mtu mmoja akiwa na haki hushinda elfu wasio nayo.

Mizani

Kwa hiyo, je, Bunge litaupisha utawala wa moja kwa moja? Naona halitaupisha, na katika mambo ya dola nzima si heri liupishe. Bajeti, mikataba na sheria ndefu ni kazi ya kupatana, ambayo mmoja hupunguza hiki ili mwingine akubali kile. Sanduku la ndiyo na hapana halijui kupunguza. Raia wa California mwaka 1978 walijipigia kura ya kubana kodi ya majengo yao, wakafurahi, na kwa miaka mingi shule na serikali zao za mitaa zikabaki zikitegemea hisani ya serikali ya jimbo. Mambo ya haki za wachache nayo hayafai kuwekwa sokoni.

Lakini anayeishia hapo huwatetea wawakilishi bila kuwadai kitu. Kura ya maoni iandikwe katika Katiba kama haki ya raia kuiitisha, si kama kipawa cha mtawala kuitoa aonapo inamfaa. Kifungu cha kumwondoa mbunge kirudishwe, kwa sharti la sahihi nyingi na muda wa kungoja, kwani bila masharti hayo walioshindwa uchaguzi watakitumia kuurudia kila mwaka. Na kilicho juu ya yote hayo, mtaa upewe kile ambacho kijiji kinacho: nafsi ya kisheria, akidi na muhtasari vyenye nguvu mbele ya baraza la usuluhishi, na fedha.

Juu ya fedha ndipo upinzani utakapokuwa mkali. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa katika umeme wa LUKU, kwanza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kisha 1,500 tangu 2023, na mara nyingi anayeilipa ni mpangaji anayenunua umeme, si mwenye nyumba. Sehemu ya kodi hiyo ikirejeshwa katika mtaa ulikotoka, ikatumiwa kwa uamuzi wa mkutano pekee, mambo mawili yatafuata. Mkutano utakuwa na la kuamua, na hivyo sababu ya kuhudhuriwa. Na mpangaji, ambaye leo huuona mkutano kuwa wa wenye nyumba, atakuwa na hoja ya kukaa mbele, kwa kuwa fedha ni yake. Hata hapo mkutano wa Jumamosi asubuhi utamwacha nje mamantilie, dereva wa bodaboda na muuza duka wa Kariakoo anayetoka Chamazi alfajiri na kurudi usiku. Itabidi uamuzi mkubwa upigiwe kura ya siri siku nzima badala ya kunyanyuliwa mikono kwa saa moja, na gharama hiyo ni ya kubeba, maana pasipo hiyo mtaa utatawaliwa na wenye wasaa.

Hakuna haja ya kungoja Katiba mpya kwa jambo hili. Inatosha kuirekebisha sheria moja ya miji, kwa kura za wabunge wa kawaida katika kikao cha kawaida. Wabunge wenzao wa 1982 na wa 1999 waliwapa wanavijiji mamlaka haya, na dola haikuanguka. Mkazi wa kijiji cha wilaya ya Mkuranga anayo leo, na mkazi wa Mbagala Rangi Tatu, safari fupi ya daladala kutoka hapo, hana. Mbunge wa Dar es Salaam ambaye ataombwa kura tena anaweza kuulizwa, kwa jina lake na katika mkutano wa hadhara, kwa nini iwe hivyo.